Yapangie Maji Njia Kabla ya Kuchimba Msingi

Fundi aligonga jamvi kwa kipande cha nondo, akaanzia mlangoni na kusogea taratibu kuelekea chumba cha nyuma. Sebuleni sauti ilikuwa nzito, ya zege lililokalia udongo. Alipofika kona ya upande wa bondeni sauti ikageuka, ikawa kama ya kugonga mtungi mtupu. Akarudia mara ya pili, akaniangalia, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, hapa chini hamna kitu."

Tulizunguka nje tukachungulia. Chini ya msingi palikuwa na tundu linaloweza kumeza mkono hadi begani. Kutoka pale mchirizi mwekundu ulishuka hadi kwa jirani, ukapita chini ya ua wake wa michongoma, ukaishia kwenye mtaro wa barabara ambao nao ulikuwa umejaa tope hadi mdomoni. Ilikuwa mwezi wa tano, masika yanaelekea ukingoni, huko Goba, Dar es Salaam. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, na huo ulikuwa mwaka wa nne tangu ianze kujengwa.

Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa na ramani, alikuwa na kibali cha ujenzi, na nondo zake zilikuwa za unene unaotakiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kiwanja chenye mteremko kina kazi moja inayotangulia msingi, nayo ni kuyapangia maji njia. Kazi hiyo iishe kabla tipa la kwanza la mawe halijapiga honi getini. Mimi nasimamia ujenzi wa nyumba za watu binafsi kwenye vilima hivi vya Goba, Madale, Salasala na Kimara, na kila masika naitwa kuangalia hasara ya namna ileile. Naandika ili wewe unayejiandaa kujenga uwahi.

Kwanza tuelewane kuhusu muda. Miongozo mingi ya ujenzi huchukulia kwamba kiwanja kitakaa wazi miezi sita, labda mwaka, kisha nyumba inaisha na bustani inaota. Sisi hatujengi hivyo. Mtu anachimba msingi mwaka huu kwa fedha ya mchezo wa upatu, mwakani anapandisha kuta, mwaka wa tatu ada za watoto zinakula fedha ya mabati. Nyumba ya miaka mitano maana yake ni masika matano na vuli tano juu ya udongo ulio uchi. Kwa hiyo kinga ambayo vitabu vinaiita ya muda, kwetu lazima iwe ya kudumu. Ukiweka kitu cha kuhimili mvua mbili tatu, kitakufa kabla hujapaua.

Tazama mvua inavyofanya kazi. Tone kubwa la mvua hugonga ardhi kwa mwendo unaokaribia mita 9 kwa sekunde. Penye majani tone hupasukia juu ya jani, maji yakadondoka polepole. Penye udongo mtupu tone huchimba, chembe laini zikaruka na kuziba vinyweleo vya ardhi, na baada ya dakika chache uso wa kiwanja unakuwa mgumu kama uliopigwa plasta. Maji yaliyotakiwa kuzama yanaanza kutembea. Mwanzoni yanatembea kama shuka jembamba ambalo jicho halilioni vizuri, ila utalitambua kesho yake kwa changarawe ndogo zilizobaki zimesimama juu ya vijiguzo vya udongo. Kisha shuka linakusanyika kuwa michirizi ya kina cha kidole. Mchirizi usiposhughulikiwa, masika yanayofuata ni korongo, na korongo halirudishwi kwa jembe.

Hesabu yake ni rahisi na nakusihi uifanye mwenyewe kwa kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, jambo ambalo si la ajabu Dar es Salaam mwezi wa nne, kiwanja chako peke yake kimepokea lita 30,000, sawa na matangi sita ya lita 5,000. Hapo hujahesabu maji ya wenzako wa juu yanayopita kwako. Tena nguvu ya maji haipandi sambamba na mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukwangua huongezeka mara nne. Ndiyo maana kila ushauri utakaousoma hapa chini, ukiuchunguza, una shabaha moja: maji yasipate nafasi ya kukimbia.

Sasa tuanze na siku ya kusafisha kiwanja, kwa sababu uharibifu mwingi hufanyika siku hiyo kwa nia njema. Mtu akishalipia kiwanja anataka kionekane kina mwenyewe. Anaita greda, greda linakwangua kila kitu kuanzia bikoni hadi bikoni, majirani wanajua pameingia mtu. Kisha mwenyewe anarudi mjini kutafuta fedha kwa miaka miwili. Udongo mweusi wa juu, ule wenye mizizi na mboji, umesukumwa pembeni au umeuzwa, na kilichobaki ni udongo mwekundu wa chini usiootesha kitu. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Ukitaka kuonyesha kwamba kiwanja kina mwenyewe, weka nguzo za bikoni zionekane, panda michongoma au minyaa mpakani, na fyeka majani yabaki kimo cha kifundo cha mguu. Nyoka hatajificha humo, na mizizi itaendelea kushika udongo. Siku ya kujenga ikifika, kwangua eneo la nyumba tu na mita mbili tatu za kuzunguka kwa ajili ya mafundi kupita. Udongo wa juu uliokwanguliwa lundika upande wa juu wa kiwanja, ufunike, utauhitaji siku ya kupanda bustani.

Kabla ya hapo, nenda kiwanjani mvua ikinyesha. Usiende baada ya mvua. Nenda ikiwa inanyesha, na mwavuli na mabuti na vijiti ishirini. Simama upande wa juu uone maji yanaingilia wapi. Mara nyingi hayaingii kwa upana wote wa kiwanja, yanaingia kwa milango miwili au mitatu: penye njia ya miguu, penye kona ya ukuta wa jirani, penye kalavati ya barabara iliyoelekezwa ovyo. Kila mlango choma kijiti. Fuata maji hadi yanapotokea, choma vijiti vingine. Saa moja ya kulowana inakupa ramani ambayo hakuna mpimaji atakayekuchorea. Kama bado hujanunua, basi tembelea kiwanja masika. Angalia miti iliyobaki mizizi nje, alama za tope kwenye kuta za majirani, mchanga uliotandazwa mahali pasipo na mto. Waulize vijana wa bodaboda kijiweni ni wapi hawapiti mvua ikinyesha. Wale wanaijua njia ya maji kuliko dalali.

Kazi ya kwanza ya jembe ni makinga maji upande wa juu. Hili nitalieleza kwa urefu, maana ndilo lililokosekana kwa yule mama na ndilo linalookoa zaidi kwa gharama ndogo.

Kinga maji ni mtaro unaokatiza mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa chini kuwa tuta. Maji yanayotoka juu yanakutana na mtaro, yanageuzwa, yanatembezwa pembeni ya eneo la nyumba mpaka mahali salama pa kutokea. Kwa kiwanja cha kawaida, kina cha sentimita 40 na upana wa sentimita 50 kwenye kitako kinatosha, kingo zikiwa zimelala kidogo ili zisimomonyoke. Siri iko kwenye mwinamo. Mtaro wa udongo ukiinama sana unajichimba wenyewe na kugeuka korongo. Usipoinama maji yanatuama na kuvunja tuta. Lenga kushuka nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita ya urefu. Jicho haliwezi kuona mwinamo huo. Nimewaona mafundi wazoefu wakikadiria kwa macho na mtaro ukapandisha kilima.

Chombo cha kupimia unacho tayari, kwa kuwa kila fundi ana mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Chukua wa mita 12 hivi, ujaze maji taratibu hadi mapovu yote yaishe, kwa kuwa povu moja tu litakudanganya. Funga kila ncha kwenye fimbo yenye alama za sentimita. Mtu mmoja anasimama kwenye kigingi cha kwanza, mwenzake anasogea mita 5 mbele. Maji ndani ya mpira yakitulia, kila mmoja anasoma fimbo yake kwa sauti. Wakisoma sawa, ardhi iko usawa mmoja. Mtu wa mbele anashuka au kupanda kidogo kidogo mpaka usomaji wake uzidi wa mwenzake kwa sentimita 3 au 4. Hapo anapigilia kigingi, na yule wa nyuma anahamia kwenye kigingi hicho. Vigingi vinane, na umemaliza kiwanja. Ukivitazama kutoka mbali utaona mstari uliopinda kufuata kilima, tofauti kabisa na ule ulionyooka ambao ungeuchora kwa kamba. Kwa yule mama kazi hii ilituchukua asubuhi moja, pamoja na kunywa chai.

Swali linalosahaulika ni mtaro unaishia wapi. Ukiuelekeza kwenye ukuta wa jirani umehamisha msiba tu. Ukiutoa kwenye mtaro wa barabara, mita mbili za mwisho zitandike mawe, kwa sababu pale maji yanadondoka na kuchimba. Kama hakuna mtaro wa barabara, malizia kwa kipande cha mita sita hadi nane kisicho na mwinamo kabisa, mdomo wake wa chini ukiwa usawa mmoja na umeoteshwa ukoka. Maji yatajaa humo na kumwagika kwa upana wote kama chai inayofurika kwenye sahani. Yakitoka hivyo, hayana nguvu ya kuchimba.

Wakulima wa Machakos, Kenya, wana makinga yao yanayoitwa fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili miaka ikipita shamba lijitengenezee ngazi. Njia hiyo imefanya kazi kiasi kwamba wataalamu wa hifadhi ya udongo ulimwenguni huandika maneno hayohayo ya Kiswahili, fanya juu na fanya chini, bila kuyatafsiri. Kwa eneo la bustani nyuma ya nyumba fanya juu inafaa sana. Upande wa juu wa msingi wa nyumba tumia fanya chini, ambapo udongo hutupwa upande wa chini, kwa sababu pale unataka tuta lisimame kati ya maji na nyumba.

Baada ya kinga ya juu, weka mtego wa chini. Hata ujitahidi vipi, kiwanja cha ujenzi kitatoa tope, na tope hilo lisivuke mpaka wako. Njia nyepesi ni uzio wa sandarusi. Fumua viroba vya sandarusi, vishone pamoja, vifunge kwenye mirunda iliyochimbiwa kila baada ya mita mbili, kimo cha goti hadi paja. Maji yanachuja na kupita, tope linabaki. Wengi huweka uzio huu vibaya kwa kuning'iniza tu kitambaa, na maji yanapita chini yake kama hakuna kitu. Chimba kifereji cha kina cha sentimita 15, ingiza ncha ya sandarusi humo, fukia na ushindilie. Uzio ufuate usawa wa ardhi, na ncha zake mbili zikunjwe kuelekea upande wa juu wa mteremko ili maji yasizunguke pembeni. Usiuweke katikati ya mkondo wa maji, utang'olewa siku ya kwanza. Jua letu huivunja sandarusi, kwa hiyo panga kuibadilisha kila mwaka, au nyuma yake panda safu ya majani ili siku sandarusi inapochakaa uzio wa pili uwe umeota.

Kona ya chini kabisa, chimba shimo la kunasa tope. Mita mbili kwa moja, kina mita moja, mdomo wa kutokea ukiwa umejengwa kwa mawe. Maji yanaingia yakiwa mekundu, yanapumzika, mchanga unakaa chini. Liwekee uzio, watoto wa jirani hawajui kina chake. Na lisikae na maji zaidi ya siku tatu. Maji yakituama toboa mdomo uwe chini zaidi, usije ukafuga mbu.

Malundo ya mchanga na kifusi hayahitaji maelezo mengi: yasilundikwe penye njia ya maji wala barabarani, yafunikwe turubai, yazungushiwe mstari wa mawe. Tipa zima la mchanga wa plasta linaweza kwenda kwa mvua ya usiku mmoja. Penye lango la magari tandika mawe makubwa unene wa sentimita 20 kwa urefu wa mita kumi, matairi yaache tope ndani.

Kifusi cha kujazia msingi ni habari nyingine. Yule mama alijaziwa kifusi cha kina cha mita nzima siku moja, kikasawazishwa kwa beleshi, kikamwagiwa zege. Kifusi cha namna hiyo kina mianya, na maji yakipata mlango yanakibeba chote chini ya jamvi huku juu ukiona sakafu safi. Kijaze tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15 hadi 20, kimwagiwe maji kiasi cha kushikana mkononi, kishindiliwe kwa mashine hadi kisigino kisiache alama, ndipo tabaka linalofuata. Upande wa nje wa msingi rudishia udongo mapema na uushindilie uwe umeinama kutoka ukutani. Msingi unaoachwa na handaki wazi masika mazima unanyweshwa maji kila siku.

Paa likifika, hatari inabadilika sura. Bati haliachii tone kuzama. Paa la mita za mraba 120 kwa mvua ya milimita 40 linatoa karibu lita 4,800, na zote zinadondoka kwenye mistari miwili, sentimita chache kutoka ukutani. Nenda nyumba yoyote isiyo na gata uangalie chini ya mwisho wa bati: utakuta mfereji uliochimbwa na matone, na rangi ya ukuta imechafuka tope hadi kimo cha goti. Weka gata wiki ileile unayopaua. Kama fedha haitoshi, weka upande mmoja, ule ambao maji yake yanaelekea kwenye msingi, na upande wa pili tandika kokoto kwa upana wa nusu mita. Tangi la lita 5,000 ni neema kwa maeneo yetu yenye mgao wa maji, lakini kumbuka kwamba mvua moja imelijaza. Mvua ya pili inafurika. Bomba la kufurikia lisiachwe linamwaga miguuni mwa tangi, kwani nimeona tangi limeanguka na jukwaa lake. Lipeleke kwenye shimo la kunyonya maji.

Shimo hilo nalo lina hesabu inayowakosesha watu. Shimo la upana wa mita 1.5 na kina cha mita 2 linabeba lita zaidi ya 3,500 likiwa tupu. Ukilijaza mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama theluthi moja au zaidi kidogo, kwa hiyo linabeba lita 1,300 hivi. Ama ulijengee tofali zenye matundu na mfuniko ulioshikamana, ama uchimbe mawili. Liwe angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, mbali na shimo la choo, na kamwe lisiwe ukingoni mwa mteremko mkali, kwa sababu hapo utakuwa unaulainisha udongo mpaka uteleze wote.

Kama korongo limeshaanza, usilijaze kifusi. Kila mwaka naona watu wanamwaga malori ya vifusi vya nyumba zilizobomolewa, na kila mwaka korongo linavila. Kwanza zuia maji ya juu yasiingie kwenye kichwa cha korongo, kwa kinga maji. Kisha jenga vizuizi vidogo vya mawe ndani yake, kimo cha magoti tu, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yavuke katikati badala ya kula kingo. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi inapimwa hivi: mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa mmoja na mgongo wa kile cha chini yake. Kwenye mwinamo wa sentimita 5 kwa mita, vizuizi vya nusu mita vinakaa mita 10 kwa 10. Tope litajaa nyuma yake lenyewe, na korongo litageuka ngazi. Hapo ndipo unapopanda.

Na kupanda ndiko kunakoshika yote haya. Ukoka ni wa bure, unatambaa, na unavumilia kukanyagwa. Panda vipande vyake kwa mstari unaokatiza mteremko. Kwa mteremko mkali tafuta vetiva. Mashina yake yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15 huungana kuwa ukuta, na mizizi yake hushuka wima hadi mita tatu. Haitambai kuvamia bustani. Panda mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, usingoje katikati ya masika. Kule Kondoa, ambako mmomonyoko ulikuwa umekula ardhi hadi kubaki makorongo, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Nyasi na miti vilirudi vyenyewe. Kama Kondoa ilipona, kipande chako cha mita za mraba 600 kitapona. Kiache tu kivae majani huku ukitafuta fedha za mabati.

Neno kuhusu kuta, na hapa naomba unisikilize kwa uzito wake, kwa sababu kuta huua. Ukuta wa fensi wa tofali uliokatiza mteremko bila matundu ni bwawa. Maji na tope vinajaa nyuma yake usiku, na alfajiri unaangukia banda la jirani aliyelala. Weka matundu chini kabisa, mengi na madogo, ili maji yapite kwa upana badala ya kutoka kwa mlango mmoja. Ukuta wa kuzuia udongo nao unasukumwa zaidi na maji yaliyonaswa nyuma yake kuliko udongo wenyewe. Nyuma yake jaza kokoto, toboa matundu ya bomba la inchi mbili kila baada ya mita moja na nusu, na ukizidi kimo cha mita moja na nusu usimwachie fundi peke yake, mlipe mhandisi akuchoree. Fedha ya mchoro ni ndogo kuliko tofali za ukuta huo.

Haya yote hayatafaa kama huongei na majirani. Maji hayajui bikoni. Kabla ya kuchimba, nenda kwa wa juu yako na wa chini yako, wachukue ukawaonyeshe vile vijiti ulivyochoma siku ya mvua. Mara nyingi mtaro mmoja wa pamoja mpakani, uliojengwa kwa mawe na kugharamiwa na nyumba nne, unamaliza ugomvi ambao ungefika ofisi ya serikali ya mtaa kila masika. Mkikubaliana, andikeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, maana viwanja huuzwa na mwenye kiwanja kipya hatakumbuka ahadi ya mwenzake. Panapohusika mtaro wa barabara ya mtaa, pelekeni maombi kwa pamoja TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sauti ya nyumba kumi inasikika kuliko ya nyumba moja.

Wale mnaopima mashamba na kuuza viwanja kwa wingi, dhamana yenu ni kubwa zaidi. Barabara iliyonyooka kutoka kileleni hadi bondeni inapendeza kwenye mchoro na inageuka mto mwezi wa nne. Zipindisheni barabara zifuate kilima, tengeni njia za maji kabla ya kuhesabu viwanja, na msiuze mabonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mteja anayenunua kipande hicho kwa imani ananunua hasara. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoikumba Dar es Salaam, familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Maji yaliyowatoa yalishuka kutoka vilimani, na tope lililojaza Mto Msimbazi na kulaza maji Jangwani lilitoka kwenye vilima kama hivi tunavyokwangua. Nikiona tipa linapanda Goba na mchanga uliochimbwa bondeni, huwa nawaza kwamba tunanunua upya ardhi yetu wenyewe.

Yule mama tulimtobolea jamvi kwenye kona ile, tukajaza zege jembamba hadi likagoma kuingia, tukachimba kinga maji juu na shimo la tope chini. Nilimwachia agizo moja: baada ya kila mvua kubwa azunguke na beleshi kwa nusu saa, azibue mtaro, arudishe udongo kwenye tuta penye ufa, na achote tope shimoni kabla halijafika nusu. Masika yaliyofuata nilimkuta ameinama kule chini, kanga kaifunga kiunoni, anajaza toroli. Alikuwa amehesabu toroli kumi na moja tangu mwezi wa tatu. Zote alizirudisha juu, nyuma ya tuta la kinga maji, na mchicha ulikuwa umefika kwenye magoti.